Waliokosa kazi wamepungua Zasavje, lakini kazi zenyewe hazijarudi

Ndugu Mhariri,

Habari za Ulaya kuachana na makaa ya mawe zinapoandikwa magazetini, mifano huwa Ujerumani na Poland, na swali huwa moja: wasio na kazi wamefika wangapi? Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nieleze kwa nini swali hilo, ukilipeleka bonde la mto Sava nchini Slovenia, linakupa jibu zuri lisilo la kweli.

Eneo lenyewe ni Zasavje, mashariki ya Ljubljana. Ni miji mitatu, Zagorje, Trbovlje na Hrastnik, kila mmoja umejibana katika kibonde cha kijito chake kinachoingia Sava. Chini kabisa mto unapita kwenye korongo jembamba, reli na barabara zikigombea ukingo. Makaa yalijulikana Zagorje tangu katikati ya karne ya 18, ila soko la maana lilikuja na reli ya Vienna kwenda Trieste, iliyofika Ljubljana mwaka 1849 na Trieste mwaka 1857. Garimoshi lilikuwa mteja na mchukuzi kwa wakati mmoja. Viwanda vikafuata: vioo na kemikali Hrastnik mwaka 1860, saruji Trbovlje mwaka 1876, baadaye umeme. Wachimbaji wa huko, wanaojiita knapi, walijulikana kwa kutokubali kuonewa. Siku ya wachimbaji ya Slovenia, tarehe 3 Julai, ni kumbukumbu ya mgomo wao wa kutokula wa mwaka 1934, na Januari 1958 waligoma tena, safari hii chini ya serikali iliyojiita ya wafanyakazi.

Anayefika Trbovlje leo huonyeshwa kwanza bomba la moshi la mtambo wa umeme. Lina mita 360 na lilijengwa mwaka 1976, refu kuliko yote Ulaya. Halikujengwa kwa fahari. Majira ya baridi hewa nzito ya baridi hutuama bondeni na ya vuguvugu hukaa juu yake kama kifuniko cha sufuria, moshi ukabaki ndani na watu. Kulikuwa na njia mbili: kusafisha moshi, au kuupitisha juu ya kifuniko. Ilichaguliwa ya pili, na maana yake ni kwamba salfa ilikwenda kuangukia wengine mbali zaidi. Mtambo ulizimwa mwaka 2014. Bomba bado limesimama. Mwaka 2020 wakweaji wawili mashuhuri wa nchi hiyo, Janja Garnbret na Domen Škofic, walilipanda kwa mikono na miguu.

Mgodi wa Zagorje ndio uliotangulia kufungwa, katika miaka ya 1990. Kwa Trbovlje na Hrastnik bunge lilipitisha sheria mwaka 2000, na jina lake lilikuwa na mambo mawili ndani: kufunga mgodi hatua kwa hatua, na kuijenga upya eneo kiuchumi. Nusu ya kwanza ilifanyika. Wahandisi wa migodi wanajua kufunga: unang'oa mitambo, unajaza vichuguu na mashimo ya wima, unaangalia maji yanapanda kwa kasi gani, unapima ardhi ya juu inavyotitia, unalipa fidia kwa nyumba zilizopasuka. Kila kazi ina mchoro, bajeti na mtu wa kuulizwa. Uchimbaji ulikoma mwanzoni mwa miaka ya 2010. Nusu ya pili haikuwa na mchoro. Kuijenga upya eneo kiuchumi kuliachiwa matangazo ya ruzuku, na ruzuku huenda kwa anayejua kuiandikia maombi, ambaye mara nyingi si yule aliyetoka mgodini jana. Mwaka 2014 mtambo ulipozimwa, na uzalishaji wa saruji uliposimama mwaka uliofuata, nguzo tatu zilizobeba mji wa Trbovlje zilikuwa zimeanguka.

Hapa ndipo msomaji wa takwimu anapopotea, maana hakukuwa na kishindo. Kwa nini? Pensheni. Miaka ya kazi chini ya ardhi huhesabiwa kwa nyongeza, hivyo mchimbaji hustaafu mapema kuliko karani. Ukifunga mgodi kwa miaka kumi na zaidi na kuacha kuajiri vijana, wengi wa waliopo wanaondoka kwa kustaafu, na waliobaki wanahamishwa au kulipwa kiinua mgongo. Kwenye daftari la ofisi ya ajira mtu huyo haonekani. Kilichopotea ni nafasi yake, ambayo ingerithiwa na kijana wa mtaa uleule mwaka unaofuata. Daftari la wasio na kazi halina safu ya nafasi ambazo hazikutangazwa.

Kijana huyo naye hakukaa barazani. Alipanda treni. Kutoka Trbovlje hadi Ljubljana ni kama saa moja, na sheria na mikataba ya kazi ya Slovenia inamtaka mwajiri amrudishie mfanyakazi nauli ya kwenda kazini pamoja na fedha ya chakula cha mchana. Hilo peke yake linaeleza mengi: gharama ya umbali haimuumi msafiri mfukoni, inamuuma kwenye saa zake. Zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaoishi Zasavje hufanya kazi nje ya Zasavje. Wakijumlishwa na waliohama kabisa, daftari la wasio na kazi, lililokuwa nene baada ya msukosuko wa 2008, limekonda sana. Mwandishi wa habari akiliona anasema eneo limepona.

Mwandishi mwingine anachukua pato la eneo kwa kila mkazi, anakuta Zasavje iko mkiani kabisa, karibu nusu ya wastani wa taifa, anaandika kwamba watu wanataabika. Naye amekosea, ila kwa upande wa pili. Pato la eneo huandikwa pale kazi inapofanyika. Muuguzi wa Hrastnik anayefanya kazi hospitali ya Ljubljana anaingizwa kwenye pato la Ljubljana, huku yeye mwenyewe akihesabiwa kama mkazi wa Hrastnik. Katika hesabu ya Zasavje anapunguza pato linalogawanywa, anaongeza idadi ya wanaogawiwa. Mshahara wake unarudi naye jioni. Ndiyo maana ukilinganisha mapato ya kaya, pengo ni dogo kuliko pengo la pato la eneo.

Kipimo kinachofaa kipo na idara ya takwimu ya Slovenia hukitoa kila mwaka: faharasa ya uhamaji wa kikazi. Unachukua idadi ya wanaofanya kazi ndani ya eneo, unaigawa kwa idadi ya wafanyakazi wanaoishi humo, unazidisha kwa 100. Tuchukue namba za mviringo za kujifunzia tu. Eneo lina wakazi 20,000 wenye kazi. Kati yao 11,000 wanatoka nje kila asubuhi, 9,000 wanabaki, na 3,000 wanaingia kutoka kwingine. Kazi zilizomo ni 12,000. Gawa kwa 20,000, faharasa ni 60. Sasa wakazi wengine 1,000 waliokuwa hawana kazi wakipata kazi Ljubljana, kiwango cha wasio na kazi kinashuka, watu wanapiga makofi, na faharasa inaporomoka hadi 57, kwa sababu kazi ndani ni zilezile 12,000 na wenye kazi sasa ni 21,000. Vipimo viwili, vyote sahihi, kimoja kikionyesha nafuu na kingine kikionyesha kuzorota kwa tukio lilelile. Katika faharasa hiyo Zasavje imekuwa ikishika mkia kati ya maeneo 12 ya takwimu ya nchi.

Kuna mtego mwingine, na huu umewanasa hata watu makini. Tarehe 1 Januari 2015 mipaka ya maeneo ya takwimu ilibadilishwa na wilaya ya Litija ikahamishiwa Zasavje kutoka eneo la Ljubljana. Ukubwa ukaruka kutoka kilomita za mraba 264 hadi 485, na wakazi kutoka kama 43,000 hadi kama 57,000. Anayechora mstari wa idadi ya watu kutoka 2010 hadi 2020 bila kusoma tanbihi atakuta eneo linakua. Litija ni mji wa kiwanda cha nyuzi na wa wasafiri wa Ljubljana, haukuwa mji wa makaa kwa kiwango cha jirani zake. Ukitaka kujua yaliyowapata miji ya makaa, chukua takwimu za wilaya moja moja. Trbovlje pekee: sensa ya 2002 ilikuta watu zaidi ya 18,000, leo ni karibu 16,000, na wastani wa umri unapanda.

Kuishi kwa treni kuna hesabu zake. Hazina ya wilaya haiumii kama watu wanavyodhani, kwa sababu sehemu ya kodi ya mapato hugawiwa wilaya kwa fomula inayotazama wakazi, bila kujali kodi ilikatwa ofisi ya mji gani. Kinachoumia ni saa za mchana. Mtu anayeondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri na kurudi jioni ananunua mkate, anapeleka viatu kwa fundi na kumwona daktari wa meno palepale Ljubljana. Timu ya zimamoto ya kujitolea, ambayo vijijini Slovenia ndiyo ya kwanza kufika moto ukiwaka, inabaki na wazee mchana kutwa. Na siku bei za nyumba Ljubljana zinapopanda, Zasavje inapata wakazi wapya wanaokimbia kodi ya pango, jambo ambalo si baya hata kidogo, lakini wanakuja kulala.

Kwa nini basi viwanda vipya havifuati nyumba za bei nafuu? Jibu la kwanza ni ardhi tambarare. Katika korongo la Sava haipo, na barabara kuu ya Ljubljana kwenda Celje ilipita juu kaskazini, upande wa Trojane. Zagorje iko karibu nayo kidogo, na inaonekana kwenye maeneo yake ya viwanda. Hrastnik iko mbali. Viwanja vikubwa vilivyobaki ni vya mgodi, mtambo na viwanda vilivyokufa, na kiwanja cha aina hiyo hakiuzwi kama shamba. Kwanza mgodi lazima ufutwe rasmi katika haki ya uchimbaji, la sivyo hakuna kibali cha kujenga. Kisha wapimaji waonyeshe kwamba ardhi imeacha kutitia, maana chini kuna vichuguu vilivyoporomoka, na kutitia huendelea miaka kadhaa baada ya jembe la mwisho. Kisha udongo upimwe. Kisha umiliki: kipande cha kampuni ya serikali, kipande cha wilaya, kipande cha reli, kipande cha muflisi ambaye msimamizi wake anasubiri bei. Mpango wa matumizi ya ardhi ubadilishwe. Mwisho kabisa maji, umeme na barabara. Mwekezaji akiambiwa hatua zote hizo zitachukua miaka mitano, anakwenda mahali ambako ni kuweka msingi tu. Ruzuku ya mashine haimsaidii. Alihitaji kiwanja ambacho mtu mwingine ameshakipigania.

Si kwamba hakuna kilichosimama. Kiwanda cha vioo cha Hrastnik bado kinayeyusha, ingawa tanuri la kioo halizimwi usiku wala sikukuu, kwa hiyo bei ya gesi ilipopaa mwaka 2022 kilikuwa miongoni mwa wenye kuumia kwanza. Trbovlje kuna Dewesoft, iliyoanzishwa mwaka 2000, inayotengeneza vifaa na programu za kupimia mitetemo, mikazo na joto kwenye mitambo na kuuza duniani kote. Ni kampuni ya kweli yenye kazi za kweli, na ni haki kuisifu. Lakini kila ujumbe wa wageni unapelekwa kwenye mlango huohuo, na kampuni moja ya wahandisi haibebi mzigo uliobebwa na mgodi ulioajiri watu wa kila kiwango cha shule.

Nimekaa sana Zasavje kwa sababu kuna bonde la pili ambalo bado lina muda. Kaskazini mwa Zasavje, Velenje na Šoštanj, makaa yangali yanachimbwa. Mwamba wa makaa wa huko, laini na wenye maji mengi, una unene unaozidi mita 160 mahali pengine, na njia ya kuuchimba ina jina la mji wenyewe: mashine inakata mita tatu au nne za chini, na makaa ya juu yake yanaachwa yaanguke kwa uzito wa ardhi kisha yanazolewa. Ni njia ya tija kubwa, na gharama yake inaonekana juu: ardhi imezama na maziwa matatu yamejaa mahali palipokuwa vijiji na mashamba. Ziwa la Velenje lilipokuwa likipokea maji ya majivu ya mtambo lilikuwa kali kama maji ya chokaa, halina kiumbe. Majivu yalipoanza kusafirishwa kwa mzunguko uliofungwa katika miaka ya 1990, ziwa likafufuka, na leo watu wanaogelea humo.

Mtambo wa sita wa umeme wa makaa wa Šoštanj, wa megawati 600, uligharimu takriban euro bilioni 1.4 na ulikusudiwa kufanya kazi hadi 2054. Januari 2022 serikali iliamua makaa yaishe ifikapo 2033. Hesabu ya kwa nini ni fupi. Kila megawati-saa inatoa karibu tani 0.9 ya kaboni dioksidi. Kibali cha kutoa tani moja, ambacho Umoja wa Ulaya unautaka mtambo ununue, kikiuzwa euro 70, mtambo unalipa zaidi ya euro 60 kwa kila megawati-saa kabla haujanunua hata koleo la makaa wala kumlipa mchimbaji. Umeme sokoni ukiwa euro 80, hakuna kitu. Kwa hiyo usishangae ukisikia mtambo umesimama wakati wa kiangazi.

Takwimu za bonde hili nazo zina pazia lake. Velenje haina eneo lake la takwimu; imo ndani ya eneo la Savinjska pamoja na Celje na wilaya nyingine nyingi. Kazi za mgodini zikipungua Velenje na za viwandani zikiongezeka Celje, wastani wa Savinjska unatulia na hakuna anayeona. Mipango ya kuachana na makaa ilibidi ichore eneo la wilaya kumi, kutoka Velenje hadi Solčava juu milimani. Pia Velenje si ya makaa tu. Kiwanda cha vifaa vya umeme vya nyumbani cha Gorenje, kilichonunuliwa na Hisense ya China mwaka 2018, ni mwajiri mkubwa kabisa, na nyumba nyingi zina mume mgodini na mke kiwandani. Maamuzi ya vyote viwili hayafanyiki bondeni.

Umoja wa Ulaya umetenga karibu euro milioni 250 kwa mabonde haya mawili kupitia mfuko wa mpito wa haki, unaosaidia maeneo yanayoachana na makaa, sehemu kubwa ikienda upande wa Velenje. Fedha hizo zina masharti ambayo wasemaji wa majukwaani huyaruka. Hazigharimii nishati ya visukuku ya aina yoyote, gesi ikiwemo. Kampuni kubwa haipati fedha za uwekezaji mpaka iwe imetajwa katika mpango wa eneo pamoja na sababu. Na zina saa: fungu la mwaka lisipotumika ndani ya muda uliowekwa linarudi Brussels. Wilaya yenye maofisa wanne inatakiwa iandae mradi, ipate kibali cha mazingira, itangaze zabuni, ishughulikie rufaa ya aliyeshindwa zabuni, ijenge na ilete risiti. Matokeo yake yanatabirika. Vinapita miradi iliyokuwa tayari kabatini, yaani majengo ya vituo vya ubunifu, kwa sababu jengo ni rahisi kulihasibu.

Jambo moja la Velenje haliwezi kungoja mpango wowote, nalo ni joto la majumbani. Nyumba nyingi za Velenje na Šoštanj hazina jiko la kuni wala boila. Maji ya moto yanakuja kwa bomba kutoka mtambo wa umeme, katika mtandao ambao ni wa pili kwa ukubwa Slovenia. Hata ingefaa kuuzima mtambo Machi kwa sababu umeme hauna bei, nyumba bado zinataka joto, kwa hiyo unaendeshwa kwa hasara ili maji yachemke. Mbadala unaozungumzwa ni mchanganyiko: pampu za joto zinazovuta vuguvugu la ziwa, majani na mbao, joto la jua. Pampu na jua hutoa maji ya baridi kuliko ya mtambo, wakati radiata za maghorofa ya miaka ya 1960 zilipimwa kwa maji ya moto sana. Ukishusha joto la bomba bila kuongeza radiata au kuziba kuta na madirisha yasipoteze joto, ghorofa za kona zinaganda. Mpangilio unaofaa, kwa hiyo, unaanza ndani ya nyumba: kuta na madirisha, kisha radiata, kisha mabomba yanayovuja, na chanzo kipya mwisho. Boila za gesi zingeruka hatua zote hizo kwa majira mawili tu ya ujenzi, na ndizo ambazo mfuko haulipi.

Gazeti lako likiandika tena kuhusu mabonde haya, naomba lichapishe namba tatu pamoja: wasio na kazi, kazi zilizomo ndani kwa kila wakazi 100 wenye kazi, na idadi ya wakazi kwa mipaka ileile ya mwaka wa kwanza na wa mwisho. Na kwa Velenje iongezwe ya nne, nyumba ngapi zimeshazibwa kuta.

Wako,
Msomaji wa ukurasa wa uchumi